Kwa nini hakuna Mfunguo Kumi?

#1 MtotoWaNgamiani
Wakuu, salaam. Kuna ubishi umezuka kwenye kahawa, barabara ya 12 hapa Tanga, na hadi adhana ya Isha haujapata mshindi. Nauleta humu.

Sisi watu wa pwani tuna hesabu yetu ya miezi ya Kiislamu. Ramadhani ikiisha, Shawwal ni Mfunguo Mosi. Dhulqaada ni Mfunguo Pili, Dhulhija ni Mfunguo Tatu, ndiyo yenye Idi ya kuchinja. Muharram ni Mfunguo Nne, Safar ni Mfunguo Tano, Rabiul-awwal ni Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi. Inaendelea hivyo hadi Jumadal-akhira, Mfunguo Tisa. Halafu ghafla: Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Hesabu imekatwa!

Kwa nini hakuna Mfunguo Kumi na Mfunguo Kumi na Moja? Nani kaikata pale kwenye tisa? Mzee mmoja kanijibu "ndivyo tulivyoikuta". Hilo si jibu.

#2 Mla_Ubwabwa
Mimba miezi tisa, mkuu. Ikitimia tisa mtu anajifungua. Mfunguo, kujifungua, jibu limo humo humo. Uzi ufungwe.

#3 Waja_Leo
Huyu kila uzi lazima aingize ubwabwa au uzazi.

#4 UstadhWaChuoni
Wa alaykum salaam. Sababu ni utukufu wa Rajabu. Jina lenyewe linatokana na *tarjib*, kuadhimisha. Waarabu tangu kabla ya Uislamu walikuwa wakiuheshimu hadi wanazivua ncha za mikuki. Waliuita pia Rajabu kiziwi, kwa kuwa mlio wa silaha haukusikika ndani yake. Mwezi wa namna hiyo huwezi kuupa namba tu ukaupita. Ndiyo maana wazee wetu wakauacha na jina lake.

#5 Kibarazani
#4 Ustadh, kwa heshima yako, hapo pana tundu. Miezi mitukufu ni minne, imetajwa katika sura ya Attawba aya ya 36, na hadithi ikaitaja kwa majina: Dhulqaada, Dhulhija, Muharram, na Rajabu. Hiyo mitatu ya mwanzo ndiyo Mfunguo Pili, Tatu na Nne. Imepewa namba bila ya mtu kuona haya. Kama utukufu ndio unaozuia namba, mbona Dhulhija yenye Hija nzima imeitwa Mfunguo Tatu?

#6 UstadhWaChuoni
#5 Ile mitatu imefuatana, Rajabu iko peke yake. Ndiyo maana ikaitwa pia *al-fard*, wa pekee. Kilicho peke yake hutajwa kwa jina, vilivyo kwenye foleni huhesabiwa.

Na Mtume (s.a.w.) alipoutaja alisema "Rajabu ya Mudhar, iliyo baina ya Jumada na Shaabani". Ililazimu kuuwekea mipaka namna hiyo kwa sababu watu wa kabila la Rabia, tofauti na kabila la Mudhar, walikuwa na mwezi wao mwingine wakiuita Rajabu. Tangu zamani, basi, huu ni mwezi ambao jina lake lina kazi.

#7 Kibarazani
Foleni! Haya, hilo nimelipenda. Ila bado sijakubali.

#8 MvitaKindakindaki
Majirani wa Tanga hamjambo. Kwanza rekebisheni kichwa cha habari. Sisi huku Mombasa twasema Mfungo Mosi, Mfungo Tatu, Mfungo Sita. Hiyo "mfunguo" ni yenu.

#9 MtotoWaNgamiani
#8 Mfungo ni kufunga. Mfunguo ni kufungua. Mwezi wa kwanza baada ya kufungua ni Mfunguo Mosi. Ukisema Mfungo Mosi una maana unafunga Shawwal nzima?

#10 MvitaKindakindaki
Zile siku sita za sunna za Shawwal hatufungi? Mwatatiza bure. Ulimi umeila hiyo u, basi. Nyinyi Tanga mwapenda kurefusha maneno mpaka mgeni achoke.

#11 Waja_Leo
Mgeni akija Tanga hachoki. Anasahau kurudi tu.

#12 Bi_Kirembo
Wanangu, mie sina elimu ya vitabu, nasema niliyoyaona. Zamani wazee wetu wengine walikuwa wakifunga miezi mitatu mfululizo: Rajabu, Shaabani, na Ramadhani yenyewe. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Mwezi wa Rajabu ukiandama tu, anapunguza kwenda kwa watu, anatoa chano lake kubwa na ungo, anaanza kuchagua choroko na kupeta mchele kidogo kidogo na kuuweka kwenye debe. Debe likijaa analifunga kwa kitambaa, hakuna ruhusa ya kuligusa. Shaabani akiiita mwezi wa mlisho. Sisi watoto tulikuwa tunajua kabisa kwamba Rajabu ikiingia, nyumba imeshabadilika.

Kwa hiyo mie naona hivi. Mfunguo ni mwezi wa kula mchana. Miezi ya kula mchana ni tisa, ya kufunga ni mitatu. Rajabu utaiitaje mfunguo na wenyewe wameshafunga?

#13 Hesabu_Tu
Shikamoo bibi. Hili #12 ndilo la kwanza humu lenye mantiki.

#14 UstadhWaChuoni
Bi Kirembo Allah akuhifadhi. Ila kwa faida ya wasomaji: kufunga Rajabu nzima wanazuoni wamehitilafiana, wako walioona ni karaha kuukusudia wote. Shaabani ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa hadithi ya Bi Aisha kwamba hakumwona Mtume akifunga sunna kwa wingi katika mwezi wowote kama Shaabani. Na ile dua mashuhuri, "Allahumma barik lana fi Rajab wa Shaaban wa ballighna Ramadhan", isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi, ni dhaifu, ingawa kila msikiti inasomwa.

#15 Bi_Kirembo
Bibi hakuuliza isnadi mwanangu. Alifunga.

#16 Mla_Ubwabwa
Ustadh kapigwa goli akiwa uwanja wa nyumbani, Mkwakwani.

#17 MwanaWaBosforasi
Nasoma Istanbul, nyumbani Chumbageni. Waturuki nao Rajabu, Shaabani na Ramadhani wanaiweka fungu moja, jina lake kwa lugha yao maana yake ni "miezi mitatu" tu. Ikianza Rajabu wanaambizana "miezi mitatu imeingia". Wao hawana mfunguo, lakini mkato ni pale pale kwenye Rajabu. Kwa hiyo alichosema Bi Kirembo si cha nyumba yao peke yake.

#18 Hesabu_Tu
Sasa nisikilizeni. Jibu mnalo mdomoni kila siku. Angalieni siku za wiki.

Ijumaa ndiyo siku kubwa. Siku inayoifuata ni Jumamosi, yaani ya mosi. Kisha Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Halafu? Hesabu inakatika! Hakuna Jumasita. Inakuja Alhamisi, jina la Kiarabu, kisha Ijumaa, jina la Kiarabu.

Miezi ni vile vile. Ramadhani ndiyo mwezi mkubwa. Unaofuata ni wa mosi. Unahesabu mpaka unapokaribia kurudi pale pale kwenye mkubwa, halafu unaacha kuhesabu na unarudi kwenye Kiarabu. Wiki inaacha mbili, mwaka unaacha mitatu. Aliyetengeneza hesabu ya siku na aliyetengeneza hesabu ya miezi ni akili moja. Ukipita ile ibada kubwa unahesabu *kutoka* kwake. Ukiikaribia, huhesabu tena ulikotoka, unatazama unakokwenda.

Na chuoni tulikosoma Kurani, Alhamisi na Ijumaa hakukuwa na masomo. Alhamisi ilikuwa imeshaingia kwenye himaya ya Ijumaa, kama Rajabu ilivyo kwenye himaya ya Ramadhani.

#19 Kibarazani
#18 Hapo umenena. Na kuna kichekesho ndani yake: Alhamisi kwa Kiarabu ni "ya tano", kwa kuwa wao wanaanza Jumapili. Sisi Jumatano ni ya tano. Wiki ya Mswahili ina siku mbili za tano zinazofuatana na hakuna aliyewahi kugombana.

#20 Waja_Leo
Miaka yote hii sijawahi kuliona hilo. Leo silali.

#21 MtotoWaNgamiani
#18 Shukran sana. Lakini umeeleza *namna* ilivyo, hujaeleza *kwa nini* wiki iache mbili na mwaka uache mitatu.

#22 Hesabu_Tu
Hilo muulize Bi Kirembo.

#23 XamarNgamiani
Wakuu, mama yangu ni Msomali. Kwa Kisomali Ramadhani ni *Soon*, kufunga. Shawwal ni *Soonfur*, soon ni kufunga, fur ni kufungua. Ni mfunguo kabisa! Ila wao hawaendelei na namba. Mwezi unaofuata una jina jingine, Dhulhija wanaiita kwa Arafa, Rabiul-awwal kwa Maulidi. Huenda wazo la "mwezi wa kufungua" lilikuwa la pwani nzima, Waswahili wakaongeza namba.

#24 MvitaKindakindaki
Au Wasomali waliiga kwetu.

#25 XamarNgamiani
Au nyinyi kwetu. Tusianze.

#26 Bint_Pangani
Naomba nichepuke kidogo, uzi huu umenigusa. Mama yangu alizaliwa Pangani. Marehemu babu aliandika ndani ya jalada la msahafu, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: "Kazaliwa binti yetu usiku wa Jumatatu, mwezi 3 Mfunguo Tisa 1370, mvua inanyesha." Hiyo "mwezi 3" ni tarehe tatu ya mwezi. Wino umepauka umekuwa rangi ya chai, lakini ile tisa iko wazi, imekolezwa mara mbili kama aliyeogopa itafutika.

Wakati wa kuandikisha vitambulisho tulikwenda na msahafu wenyewe. Karani wa ofisi moja, kijana wa bara, mstaarabu tu, akatafuta mwaka kwenye jedwali akapata 1951. Kwenye mwezi akauliza, "hii tisa ni mwezi wa tisa?" Kaka yangu akajibu ndiyo. Mama sasa ni mzaliwa wa 3 Septemba 1951 kiserikali. Mie siku zote nilihisi kuna kitu hakikai sawa, maana hapa Pangani Septemba mvua ya kuandikwa kwenye msahafu itoke wapi?

#27 Hesabu_Tu
#26 Dada, hapo umeniita kwa jina. Mfunguo Tisa ni Jumadal-akhira, mwezi wa *sita* wa mwaka wa Hijra. Kanuni ni nyepesi: kuanzia Mfunguo Nne, toa tatu. Mfunguo Nne ni mwezi wa 1, Mfunguo Tisa ni wa 6. Mosi, Pili na Tatu jumlisha tisa, utapata 10, 11 na 12.

Mwaka 1370 ulianza Ijumaa, 13 Oktoba 1950. Miezi mitano kabla ya Mfunguo Tisa ni siku 148. Tarehe mosi inaangukia Jumamosi, 10 Machi 1951. Tarehe 3 ni Jumatatu, 12 Machi 1951. Jumatatu, kama alivyoandika babu! Mwandamo ungeweza kusogeza siku moja huku au kule, lakini siku ya wiki imekubali, na mvua ya masika imekubali.

Na hata yule karani angesema "mwezi wa tisa wa Kiislamu" angekosea pia. Huo ni Ramadhani, na Ramadhani ya 1370 iliingia Juni 1951.

#28 Bint_Pangani
Mwili umenisisimka. Machi!

#29 Kibarazani
#27 Hesabu safi, ila kuna jambo umelipita. Babu ameandika *usiku wa* Jumatatu. Kwa wazee wetu siku inaanza jua linapozama. Usiku wa Jumatatu ni ule unaotangulia Jumatatu, ambao vijana wa leo wanauita Jumapili usiku. Kwa hiyo kama mama alizaliwa baada ya Isha, kwa kalenda ya ofisini ni 11 Machi. Kama ni karibu na alfajiri, ni 12. Muulizeni mama kama aliwahi kuambiwa saa.

#30 Mla_Ubwabwa
Nyie watu mtamfanya bibi wa watu azaliwe mara tatu.

#31 Bint_Pangani
#29 Hakuna aliyemwambia saa. Alichoambiwa ni kwamba mkunga alikuja na mwavuli.

#32 NahodhaMstaafu
Nimesoma kimya, sasa nachangia. Mnabishana majina ya miezi kama kwamba yana maana ya msimu. Hayana tena. Rabii ni majira ya machipuo, Jumada ni kuganda kwa baridi, Ramadhani ni ukali wa joto. Yalipewa majina hayo wakati miezi imekaa kwenye msimu wake. Waarabu wa kale walikuwa na *nasii*, kuisogeza miezi, na Kurani ikaikataza, Attawba aya ya 37. Tangu hapo mwaka wa mwezi ni siku 354, unarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa jua, na baada ya miaka kama 33 unakuwa umezunguka wote.

Sisi wa baharini huwezi kuvua kwa Mfunguo. Tulikuwa na hesabu nyingine kabisa, ya Nairuzi. Mwaka wa jua, unahesabiwa kwa miongo, siku kumi kumi. Mzee wangu pale Tongoni alikuwa akisema mwongo fulani kaskazi inakata, mwongo fulani kusi inashika, na hakosei. Mfunguo alikuwa akiutumia kwa mambo mawili: Idi na tarehe ya deni.

Nadhani hapo ndipo jibu lilipo. Mswahili alikuwa na kalenda mbili. Kazi ilikwenda kwa miongo, dini ikaenda kwa Mfunguo. Kalenda ya dini ilihitaji kujua vitu viwili tu, umbali kutoka Ramadhani iliyopita na ukaribu wa ijayo. Namba kwa cha kwanza, majina kwa cha pili.

#33 Hesabu_Tu
Nahodha kasema nilichosema #18, ila kwa tanga kubwa zaidi.

#34 NahodhaMstaafu
Wewe umesema wiki. Mie nimesema bahari.

#35 Kibarazani
Na mimi nina swali kwa wote mnaoshikilia "majina ni kwa ajili ya ibada". Mfunguo Tatu una Hija na Idi. Mfunguo Nne una Ashura. Mfunguo Sita una Maulidi, na mnajua wenyewe pwani hii Maulidi ni nini. Kule Bagamoyo tangu enzi za Sheikh Ramiya watu walikuwa wakitoka mbali kwa ajili yake. Mbona hiyo yote ina namba?

#36 UstadhWaChuoni
#35 Maulidi si ibada ya faradhi, shehe wangu.

#37 Kibarazani
Na Hija je?

#38 Waja_Leo
Kimya kimetanda chuoni.

#39 MlangoChuma
Tazameni namba zenyewe. Mosi, pili, tatu, nne, tano ni zetu. Sita na saba ni Kiarabu, nane yetu, tisa Kiarabu. Wiki inakatika kwenye tano, mahali hasa zinapokwisha zile zetu mfululizo. Kumbukeni Kiswahili kilikuwa na tandatu, fungate na kenda kabla ya sita, saba na tisa. Kama hesabu hii ni ya kale sana, tungetarajia mzee mmoja awe ameacha "Mfunguo Kenda". Mie sijawahi kusikia. Kwa hiyo nahisi hesabu ya siku ni kongwe kuliko ya miezi, na ya miezi imeiga. Nakaribisha mawe.

#40 Bi_Kirembo
Fungate tunayo mpaka leo, siku saba za maharusi ndani.

#41 Mla_Ubwabwa
Bibi ndiye pekee anayenielewa. Tuongee harusi sasa. Kwa nini Mfunguo Mosi kila wikiendi Tanga nzima ni mchango?

#42 UstadhWaChuoni
#41 Hilo lina asili nzuri. Shawwal inatokana na kunyanyua, wanalugha wanasema ngamia jike walikuwa wakinyanyua mikia wakati huo na kumkataa dume. Waarabu wa ujahili wakaufanya mwezi wa nuksi, hawaozi. Bi Aisha akaivunja imani hiyo kwa kauli yake katika Sahihi Muslim, kwamba Mtume alimuoa Shawwal na akaingia kwake Shawwal, je, ni mke gani aliyekuwa na bahati zaidi kuliko yeye? Ndiyo wanazuoni wakapendekeza kuoa Shawwal.

#43 MvitaKindakindaki
Huku wako wanaoogopa Mfungo Tano. Safar, ati mwezi wa mikosi.

#44 UstadhWaChuoni
Na hiyo nayo imekanushwa, "wala hakuna Safar", iko katika Bukhari. Safar maana yake inayotajwa sana ni utupu, nyumba zilibaki tupu watu wametoka. Mkosi umeongezwa na watu.

#45 Bi_Kirembo
Mwanangu, harusi ya Mfunguo Tano hata ukinisomea vitabu vyote, ukumbi nitakusaidia kupamba ila wangu simuozi.

#46 MtotoWaNgamiani
Wakuu, nimepeleka maelezo yote haya kwenye kahawa. Sasa wamegawanyika makundi manne: miezi mitatu ya Bi Kirembo, wiki ya Hesabu_Tu, bahari ya Nahodha, na mmoja ameshikilia mimba miezi tisa. Huyo wa mwisho ndiye anayepiga kelele zaidi.

#47 Mla_Ubwabwa
Mwambieni namsalimia.

#48 Bint_Pangani
Mrejesho mfupi. Nimemwonyesha mama hesabu ya #27. Amefurahi, kaiomba kwa maandishi, kaiweka ndani ya msahafu. Nikamwambia twende tukabadilishe kitambulisho. Kakataa katakata. Anasema atapangishwa foleni, ataambiwa alete kiapo na shahidi, na wote walioshuhudia wameshazikwa. Halafu, kasema, wajukuu wameshazoea kumletea keki Septemba.

#49 Hesabu_Tu
Aletewe na Machi pia.

#50 Mla_Ubwabwa
Na Mfunguo Tisa, inayozunguka. Bint_Pangani, tuma ramani ya nyumbani.